Jozi ya Waya za Bluu

Siku ambazo upepo ulisukuma gugumaji mbali na ufuko, mwanga wa ziwa uliingia ofisini mwetu mchana na kucheza darini. Ukiinua macho ungedhani umekaa chini ya maji, na watu wanaopita juu yako ni samaki wakubwa waliovaa viatu. Siku nyingine upepo ulirudi, na asubuhi tukakuta ghuba yote imekuwa kijani, kama shamba la sukuma wiki linalokwenda mpaka upande wa pili. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta tisa za shirika dogo lililochimba visima vijijini, katika nyumba ya zamani ya ghorofa moja hapa Kisumu.

Mtandao wa kompyuta zile niliufunga mwenyewe mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Nilijua kila waya inapita wapi, inapinda wapi, inatoboa ukuta gani. Lakini simu ilikuwa moja tu, mapokezi, mezani kwa yule dada aliyepokea wageni. Mtu akitafutwa, dada alisimama chini ya ngazi na kuita, "Simu!" Kisha akataja jina, na mwenye jina akashuka mbio huku viatu vikigonga mbao, mara nyingi akifika tu laini inakatika.

Mkurugenzi wetu, mama mpole kutoka upande wa Kakamega, hakuziweza kelele zile. Siku moja aliniita akafunga mlango.

"Nataka kila chumba kiwe na simu yake," alisema. "Watu wapigiane humu ndani, na wa nje wapitishwe. Inawezekana?"

Nilisema inawezekana. Sikujua kama inawezekana.

Shida ya kwanza ilikuwa mwenye nyumba. Alikuwa mzee aliyezaliwa katika nyumba ileile, na sasa aliishi nyuma ya ua. Tulipotoboa kuta kwa ajili ya kompyuta, alisimama barazani mkono shavuni, vumbi likimtua begani, wala hakulipangusa. Nilipomwendea safari hii, hakuningoja nimalize.

"Binti, mlitoboa mara moja. Hamtatoboa tena."

"Hata tundu moja, Mzee?"

"Hata la sindano. Wala msumari nje ya ukuta. Ukuta huu ulipigwa lipu na baba yangu."

Niliondoka nikijua nimeshindwa. Jumapili iliyofuata, nimelala chali chumbani kwangu baada ya kanisa, jua likipenya matundu ya mabati na kunidondokea usoni kama sarafu, nikakumbuka kitu ambacho mwalimu wetu wa ufundi alikigusia tu. Ndani ya kila waya ya kompyuta mna nyuzi nane, mbilimbili zimesokotwa pamoja, jozi nne. Kompyuta inatumia jozi ya machungwa na jozi ya kijani. Jozi ya bluu na ya kahawia hazina kazi. Basi kumbe katika kuta zote za nyumba ile, tangu mwaka uliopita, palikuwa na njia zilizolala, kila chumba na njia yake. Simu inahitaji jozi moja tu. Niliketi kitandani nikacheka peke yangu.

Kompyuta nilizijua, simu sikuzijua. Watu walinielekeza Mamboleo, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya laini, ambaye kwa miaka mingi alipanda nguzo za simu kuanzia mjini hadi Bondo. Nilimkuta kando ya barabara, amekaa kwenye kigoda, anatengeneza baiskeli. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole virefu vyeusi kwa grisi. Nilipoanza kusema, alinikazia macho mdomoni. Mimi nina mwanya, na enzi zile ulinitia haya, basi nikaufunika kwa mkono.

"Unasema?" aliuliza.

Nikaondoa mkono, nikarudia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimchoree. Nilichora kwa kijiti mavumbini: nyumba, vyumba, waya zote zikishuka na kukutana katika kabati la chini ya ngazi. Alitazama mchoro ule kwa muda mrefu.

"Swichibodi, mashine ya kugawa simu, niko nayo," alisema. "Kadogo. Ya gesti moja kule Kisian, ilifungwa."

"Na kwa nini uliacha simu ukaingia baiskeli, Mzee?"

Aligeuka kuokota spana. Nilidhani hataki kunijibu. Nikauliza tena akiwa ananitazama.

"Baiskeli haina maneno mengi," alisema.

Alikuja Jumatatu. Swichibodi ilikuwa sanduku la kijivu, ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, nayo ilikaa juu ya karia ya baiskeli, imefungwa kwa mipira na kufunikwa leso ya mke wake. Aliiingiza chini ya ngazi kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha tukagawana kazi. Yeye alikaa kabatini, akachambua jozi za bluu kutoka kwa waya zangu na kuzipeleka kwenye swichibodi. Mimi nilipanda vyumbani, nikafungua kila soketi, nikaitoa jozi ya bluu na kuifunga kwenye kisanduku kidogo cha simu, na nyuzi za kompyuta nikazirudisha mahali pake.

Siku mbili zile nazikumbuka kama ndoto ya mchana. Wadudu wadogo wa ziwa, sami, walikuwa wametoka. Kwa mbali walionekana kama moshi uliosimama juu ya maji. Walipofika nchi kavu waliingia kila mahali, wakajaa madirishani, wakaanguka vikombeni. Stima ilipotea kila baada ya saa mbili au tatu, mashine zote zikanyamaza, na katika ukimya ule nilisikia plaisi za mzee zikikata waya chini, tik, tik, nami nikiendelea juu kwa mwanga kidogo wa dirisha. Mara kwa mara aliniita.

"Nyara!"

Ndivyo alivyoniita, “binti yangu” kwa Kijaluo. Niliitika, lakini aliita tena na tena mpaka nishuke nisimame mbele yake. Nilidhani ndiyo tabia ya wazee.

Jumatano tulijaribu laini. Yeye alitaka kupanda vyumbani, nami nikakaa kabatini na simu ya swichibodi sikioni. Tulipatana kwamba akifika kila chumba atainua mkono wa simu, nami nitazungumza.

"Mzee, unanisikia vizuri?"

"Iko sawa!" alijibu.

Chumba cha pili, iko sawa. Cha tatu, iko sawa. Sauti yake ilikuwa kubwa mno. Ilinifikia kwa waya na kwa ngazi kwa pamoja, sikuweza kuzitenganisha. Vyumba tisa, iko sawa tisa. Tulipeana mikono, nikaenda kumwambia mkurugenzi tumemaliza.

Alhamisi asubuhi mambo yakaharibika. Kijana wetu wa ramani alikuwa na chumba cha mwisho juu, kinachotazama ziwa. Alichora visima vyote vya ufukoni, kisima kwa kisima, nukta kwa nukta. Mkurugenzi alimpigia simu. Simu ya kijana haikulia, lakini kompyuta yake iliganda. Alizima, akawasha, akaanza upya. Mtu wa stoo akampigia. Ikaganda tena. Alishuka ngazi taratibu, akasimama mbele yangu kama mtu aliyetoka mazishini.

"Kazi ya tangu saa mbili imepotea," alisema. "Nani amegusa mtandao?"

Wakati huohuo katibu naye akalalamika kwamba simu yake inavuma kama mzinga wa nyuki, haisikiki neno. Mkurugenzi alifungua mlango wake, akanitazama, akaufunga. Afadhali angegomba.

Hasira zilinipanda, na zote zilikwenda kwa mzee. Si alipita vyumba vyote viwili? Si alisema iko sawa? Nilituma mtu Mamboleo akamwite, na alipofika nilimwomba apande kwa katibu ajaribu tena. Nilikaa kabatini, nikashika simu, na sijui nini kilinituma.

"Mzee," nilisema, "nyumba inaungua."

"Iko sawa, nyara!" sauti ikatoka juu kwa furaha. "Nakuja!"

Nilibaki nimeshika mkono wa simu. Nikakumbuka macho yake mdomoni mwangu, na kuita kwake kusikokoma. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi moja moja, na alipotokea mlangoni anatabasamu, sikuweza hata kumtazama usoni.

Mchana nilimwomba twende tukale. Tulitembea hadi vibanda vya samaki ufukweni, tukakaa na sahani ya samaki wa ngege na kuon, ugali wa Wajaluo, katikati yetu. Gugumaji lilikuwa limefika mpaka ukingoni, maua yake ya zambarau yakiinuka na kushuka polepole juu ya mawimbi tusiyoyaona. Nilihakikisha nimekaa mbele yake.

"Baba," nilisema, "asubuhi nilikuambia nyumba inaungua."

Aliacha kula. Alinawa mikono katika beseni, akajipangusa kwa kitambaa chake, akakunja kitambaa kile mara nne.

"Ulijua lini?"

"Leo."

"Utaambia mama mkurugenzi?"

"Sijui. Niambie kwanza wewe."

Akanieleza, akitazama zaidi maji kuliko mimi. Ilikuwa miaka ya themanini, kwenye nguzo moja kabla ya kufika Bondo. Juu yake mbingu ilikuwa safi kabisa, hata ndege walikuwa wakiimba. Alikuwa ameweka simu ya kujaribia kwenye sikio la kushoto, anaongea na mwenzake mjini. Mvua ilikuwa inanyesha mbali sana, hata hakuiona. Radi ikapiga waya hukohuko mbali.

"Haikunipiga mimi," alisema. "Ilipiga waya, ikatembea, ikanifikia. Nilisikia kama mtu ameita jina yangu kwa nguvu. Halafu hakuna kitu."

Sikio la kushoto lilikufa siku ile. La kulia likafuata polepole kwa miaka, kama taa inayoishiwa mafuta. Kazini alijificha nyuma ya wenzake mpaka akastaafu.

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hawajui. Mama anafikiri nimekuwa na maringo. Anaongea, nanyamaza. Sasa hata yeye amenyamaza."

"Kwa nini usimwambie?"

"Mtu wa simu, nyara. Mtu wa simu asiyesikia." Alitikisa kichwa. "Ulipokuja pale Mamboleo kunichorea chini, nikaona, hii kazi naijua. Nikasema masikio itajipanga yenyewe."

 Samaki alipoa. Hasira zangu nilizitafuta, sikuzipata. Baadaye nilimwambia turudi, tujaribu upya, safari hii mimi niwe vyumbani na simu sikioni, yeye abaki kabatini na waya.

"Utajuaje simu imelia?" nilimuuliza, nikiandika kwa kidole kwenye kiganja chake maana alikuwa ametazama pembeni.

Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tulipofika kabatini alilamba ncha za vidole viwili, akashika nyuzi mbili zilizo wazi, akanifanyia ishara nipige simu. Nilipiga. Mkono wake uliruka kidogo, kama wa mtu aliyeguswa begani na rafiki.

"Hiyo," alisema. "Hivi ndivyo tulikuwa tunajua juu ya nguzo. Vidole husikia."

Tukaanza chumba kwa chumba. Vyumba saba vilikuwa salama kweli. Kwa katibu tulifungua kisanduku cha simu tukakuta sami, wadudu wakavu, wamejazana na kusagika kwenye skrubu pale waya inaposhikwa. Mzee aliwapuliza, akasugua skrubu kwa msasa, na mvumo ukaisha. Kikabaki chumba cha ramani. Kijana wa ramani alikaa pembeni mikono kifuani. Mzee alipiga magoti mbele ya soketi, akaifungua, akavuta nyuzi mpaka kwenye mwanga wa dirisha.

"Nyara, hii ni rangi gani?"

Nilitazama. 

"Kijani."

"Na uliipeleka wapi?"

"Kwenye simu."

"Na bluu?"

"Kwenye kompyuta."

"Ulifunga hii stima ikiwa imepotea?"

Nilikumbuka jioni ile ya Jumanne, mawingu yamefunika ziwa, chumba kimekuwa cha rangi moja, nami naharakisha. Katika mwanga hafifu bluu na kijani ni ndugu. Kila mtu alipompigia kijana yule, mlio wa simu uliingia ndani ya kompyuta yake badala ya simu. Kosa lilikuwa langu, tangu mwanzo lilikuwa langu, na mimi nilikuwa nimeshapanga moyoni jinsi nitakavyomweleza mkurugenzi habari za mzee kiziwi.

Nilimgeukia kijana wa ramani. "Ni mimi niliyekosea. Si mzee."

Kijana alitutazama wote wawili. "Basi rekebisheni," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea. Nilibadilisha nyuzi zile. Mzee alinishikia bisibisi.

Ijumaa mkurugenzi alitaka watu wote wakusanyike mapokezi washuhudie. Mwenye nyumba naye alikuja, akazunguka kuta akitafuta tundu jipya, asilione, akakaa kwenye kiti cha wageni. Mimi nilikuwa nimepanda chumba cha ramani kusubiri, mlango wazi, nikisikia sauti zao kwa chini.

"Simu ya kwanza apige fundi wetu," mkurugenzi akasema. "Mzee, karibu."

 Nilitaka kushuka. Lakini simu iliyokuwa mbele yangu ililia, mlio mwembamba, safi, na kompyuta iliyokuwa kando yake haikutikisika. Niliinua.

"Hallo," alisema. Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. "Kisian, uko?"

Sikumwelewa. Halafu nikaelewa. Alikuwa anaita laini ya zamani, jinsi walivyokuwa wakiijaribu, kituo baada ya kituo.

"Niko," nilisema.

"Holo, uko?"

"Niko."

"Akala, uko?"

Kila alipouliza, alinipa nafasi ya kujibu, sawasawa na inavyotakiwa, wala hakuizidisha. Nami nilijibu kila mara, ingawa nilijua sauti yangu inaishia kwenye plastiki pale sikioni mwake. Nje ya dirisha gugumaji lilikuwa limefunguka katikati, na maji yaliyoonekana yalikuwa meupe kwa jua. Niliiona barabara ile yote kama mtu aliyelala anavyoona: nguzo moja baada ya nyingine ikipanda vilima, ng'ombe chini yake, kijana mwembamba juu yake, mwenye masikio mazima.

"Ndori, uko?"

"Niko, Baba."

"Bondo, uko?"

"Niko. Nakusikia vizuri sana."

"Laini iko wazi," alisema. "Ero kamano, asante." Akakata. Chini watu wakapiga makofi.

Nilipokuwa nakusanya vifaa, mkurugenzi alikuja akasimama kabatini.

"Yule mzee hasikii, sivyo?"

Nilifikiri kumdanganya. "Hasikii," nilisema.

"Na simu ziko sawa?"

"Ziko sawa. Nimezisikiliza zote mwenyewe."

"Basi," alisema, akarudi ofisini kwake.

Wiki mbili baadaye mzee alinialika Mamboleo chakula cha mchana. Mke wake alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, amekaa nyuma ya mumewe kivulini, anachambua omena kwenye ungo. Alinisalimu vizuri, lakini hakumwangalia mumewe. Tulipokwisha kula, mzee alisema maneno machache kwa Kijaluo, bila kugeuka, kwa sauti ile yake kubwa. Alisema masikio yake yalikufa, na kwamba hakuwa na maringo.

Mama aliacha kuchambua. Alinitazama mimi.

"Miaka minne," aliniambia kwa Kiswahili, "namwambia chai iko, ananyamaza. Namwambia mtoto ameandika barua, ananyamaza. Nikasema sawa, amenichoka."

 Aliweka ungo chini, akachukua kigoda chake, akazunguka, akakiweka mbele ya mumewe, magoti yakakaribia kugusana. Alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua mdomo wake wote, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Chai iko," alisema.

"Nimesikia," mzee akajibu.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja katika ofisi nyingine nne, mimi masikio, yeye vidole, na mwenye ofisi tulimweleza mapema nani anafanya nini. Mmoja tu ndiye aliyetukataa. Ya mwisho ilikuwa Bondo. Tulipomaliza mvua ilitukamata, tukasimama chini ya baraza la duka moja la mbegu, maji yakianguka mbele yetu kama pazia la shanga na barabara ikigeuka kijito chekundu. Alitazama juu kwenye mabati.

"Inapiga vipi?" aliniuliza.

Nilisikiliza kwanza, kwa sababu niliona si swali la kujibiwa haraka. Nikamgeukia ili auone mdomo wangu wote, na mwanya wangu, nikamwambia kwamba kwa kulia inapiga nzito, pale mti unapomwaga matone makubwa, na kwa kushoto ni nyepesi, kama mtu anamwaga mchele polepole, na katikati kuna mahali pamoja mabati yamelegea, panalia kivyake. Aliitikia kwa kichwa kila kipande. Tulikaa hapo mpaka mvua ikapungua, nami nikimweleza inavyopungua.